Bigo bya Mugenyi: ngome inayoitwa ya mgeni

Safari hii tunaandika historia. Si historia ya vita, hiyo tumeisoma kwa miguu. Tunaandika juu ya ngome moja ya zamani iliyo hapahapa Uganda, juu ya kilima kidogo kusini mwa mto Katonga, wilaya ya Sembabule, si mbali na mji mdogo wa Ntusi. Inaitwa Bigo bya Mugenyi.

Tuanze na jina, maana jina ndilo lililotuvuta. Kwa Kiganda kigo ni ua au boma, na bigo ni wingi wake. Mugenyi ni jina la mtu katika hadithi za kale, lakini pia ni neno la kawaida kabisa: mgeni. Kwa hiyo watu wengi hutafsiri "ngome ya mgeni". Sisi ambao kila fomu tunayojaza inatukumbusha kwamba ni wageni, tulisimama hapo kidogo. Wenzetu Warundi na Wanyarwanda walicheka wakasema kwao umugeni ni bibi harusi. Basi ni yuleyule: mtu aliyetoka kwingine akaja kukaa.

Ukisikia ngome usifikirie kuta za mawe kama Fort Jesus ya Mombasa. Bigo ni mahandaki. Watu walichimba udongo, wakaurundika pembeni ukawa tuta, wakaendelea kuchimba. Kuna handaki la nje linalozunguka eneo kubwa na kurudi mpaka kwenye bonde la mto, penye mafunjo na maji. Ndani yake, juu kabisa ya kilima, kuna mahandaki mengine yanayogawa sehemu kadhaa zinazoungana, na humo kuna matuta ya udongo yaliyoinuliwa na watu. Ukijumlisha mahandaki yote unapata zaidi ya kilometa 10. Mahali pengine kina kinafika mita 4, na kuna sehemu walikutana na mwamba, hawakukwepa, wakaukata.

Makadirio ya watafiti ni kwamba udongo na mawe yaliyoondolewa pale yanazidi mita za ujazo 200,000. Kwenye karatasi ni namba tu. Lakini sisi tumejitolea kuchimba mashimo ya vyoo hapa kambini, tunajua mita moja ya ujazo ni nini. Kijana mwenye nguvu, ana sururu ya chuma na beleshi zuri, akishatoa mita moja na nusu kwa siku kwenye udongo huu mwekundu, jioni haongei na mtu. Hao wa zamani walikuwa na majembe madogo ya chuma, vijiti vya kuchimbia na vikapu. Tuwape mita moja kwa siku, tusiwaonee. Hiyo ni siku 200,000 za kazi. Yaani watu 1,000 wakichimba siku 200 kila mmoja, bila kuhesabu anayepika, anayechota maji, anayefua majembe, na anayechunga ng'ombe za wale walio shimoni. Hesabu ni yetu, unaweza kuipunguza au kuiongeza. Bado itakubidi ukubali kwamba palikuwa na mtu au baraza lililoweza kuita watu wengi namna hiyo na wakaja, na palikuwa na chakula cha kuwalisha.

Sasa, nani?

Ukiuliza wazee wa Ankole, Bunyoro, Toro na hata Buganda, jibu ni moja: Bachwezi. Wanasema walikuwa wafalme watatu wakuu, Ndahura, Mulindwa na Wamala, na ukoo wao, watu wa ajabu waliotawala Kitara kwa muda mfupi halafu wakatoweka. Mugenyi alikuwa mmoja wao, tajiri wa ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe aliyempenda kupita kiasi, jina lake Bihogo, akaapa kwamba Bihogo akifa naye atajiua. Bihogo akafa. Mugenyi akataka kweli kujiua, ndugu zake wakamzuia, na shangazi yake akamcheka hadharani kwa kiapo chake kisichotimia. Kwa aibu hiyo, na kwa dalili mbaya nyingine walizoziona, Bachwezi wakaondoka. Hawakuonekana tena. Baada yao wakaja Babito kutoka kaskazini, wakaanza ufalme wa Bunyoro na Rukidi Mpuga, na upande wa kusini Ruhinda akaanzisha utawala katika Ankole na Karagwe, ile Karagwe iliyo Tanzania leo.

Tulipoileta hadithi hii kwenye kikao chetu cha Jumamosi tulifikiri tunaleta kitu cha Uganda. Kumbe la. Mmoja kutoka Bushi akasema bibi yake alikuwa akimtaja Lyangombe. Mnyarwanda akasema ni Ryangombe. Mrundi akasema kwao ni Kiranga. Mhaya mmoja, jirani yetu sokoni aliyekuwa amepita tu, akasema Wamara anamjua tangu utotoni, na Mugasha wa ziwa pia. Haya yote ni matawi ya mila moja ya kubandwa, iliyoenea kuanzia Bunyoro mpaka Kivu na Burundi, na watu waliibeba kabla mzungu yeyote hajachora mpaka kwenye karatasi. Hakuna aliyehitaji kibali cha kusafiri kumpeleka Wamara Buhaya.

Hapo hadithi ni tamu. Uchungu unakuja pale wageni wa aina nyingine walipoanza kuifasiri.

Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile. Alikuwa amepita Karagwe, Buganda na Bunyoro, akakuta falme zenye utaratibu, makao ya wafalme, na mifugo mingi. Badala ya kusema watu hawa wamejijengea mambo yao, akatunga nadharia kwamba watawala wa huku walikuwa jamii nyingine, watu waliotoka upande wa Ethiopia, wakawatawala wenyeji. Baadaye wamisionari na maofisa wa kikoloni wakaiongezea nyama. Wakaita Wahamiti. Padri Gorju, katika kitabu chake cha mwaka 1920 juu ya nchi za maziwa haya, aliwaweka Bachwezi kwenye mkondo huohuo wa watu kutoka kaskazini. Kila kikubwa kilichoonekana, na mahandaki yakiwa mojawapo, kikapewa mtu wa nje. Wenyeji wakaachiwa jembe tu.

Mtu anaweza kusema, jamani hayo ni maneno ya vitabu vya zamani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu hivi. Novemba 1992, huko Kabaya nchini Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mbele ya watu akasema Watutsi kwao ni Ethiopia, na watarudishwa kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha kwa hotuba ile. Lakini kabla ya mahakama kulikuwa na 1994. Nyabarongo unaingia Akagera, Akagera unaingia Ziwa Victoria, na miili ikafika upande wa Uganda. Wavuvi na wakulima wa huku ndio walioitoa majini wakaizika, Kasensero, Lambu na Ggolo. Makaburi hayo yapo, unaweza kuyatembelea. Na Katonga, mto uleule unaopita chini ya Bigo, unamwaga maji yake katika ziwa hilohilo.

Hatusemi Speke aliua mtu 1994. Tunasema nadharia ya nani mgeni na nani mwenyeji haikai kitabuni ikatulia. Kwetu Kivu na Ituri tumesikia kila kabila likiitwa la kuja na kabila jingine. Hata hapa kambini, foleni ya maji ikiwa ndefu na jua kali, utasikia mtu akimwambia mwenzake "rudi kwenu", na wote wawili wana kadi ya mkimbizi ya rangi moja. Ndiyo maana kwetu swali la nani alichimba Bigo si la burudani.

Basi tuwageukie waliochimba upya ili wajue.

E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia enzi za Waingereza, aliandika juu ya mahandaki haya mwaka 1934. Mwaka 1957 Peter Shinnie akafanya uchimbaji wa kitaalamu, na mwaka 1960 akaja Merrick Posnansky, ambaye wakati ule alikuwa msimamizi wa makumbusho ya taifa, Uganda Museum. Walikuta nini? Si dhahabu, wala panga za kigeni, wala maandishi ya Ethiopia. Walikuta mifupa, na mingi yake ni ya ng'ombe. Vifaa vya chuma. Na vigae vya vyungu, vingi mno.

Vigae hivyo ndivyo vinavyozungumza. Mama akitengeneza chungu, kabla hakijakauka, anachukua kamba iliyosokotwa au majani yaliyofumwa, anaviringisha juu ya udongo mbichi, alama zinabaki. Wengi wenu mmewaona bibi zenu wakifanya hivyo. Vyungu vya Bigo vimepambwa kwa mtindo huohuo wa kuviringisha, ambao umeenea nchi zote hizi za maziwa kwa miaka karibu elfu moja. Hakuna mahali ambapo unaona mstari: hapa mwisho wa vyungu vya wenyeji, hapa mwanzo wa vyungu vya wavamizi.

Posnansky aliweka umri wa Bigo kati ya mwaka 1350 na 1500 hivi. Alipoangalia tuta lililo katikati, kule juu, aliona linafanana na orurembo, yaani makao ya kifalme ya Ankole ya baadaye. Yeye mwenyewe aliamini hadithi ya Bachwezi ina ukweli ndani yake. Waliomfuata, kama John Sutton, walikataa kuwaingiza Bachwezi kwenye akiolojia, wakasema mahandaki ni kitu kimoja na miungu ya kubandwa ni kitu kingine. Ubishi huo haujaisha, na kwa kweli sisi tunaona ni ubishi mzuri, watu wanagombania vigae badala ya kugombania pua za watu.

Kitu kilichotufundisha zaidi hakipo Bigo penyewe, kipo Ntusi. Pale watu waliishi kabla ya mahandaki, kuanzia karne ya 11 hadi ya 15 hivi, katika makazi makubwa ya karibu hekta 100. Kwa wakati ule, katika sehemu hizi za bara, huo ulikuwa kama mji. Kuna vichuguu viwili vikubwa ambavyo ni jalala la karne nyingi: mifupa, vigae, majivu. Kimoja kinaitwa dume, kingine jike. Kuna pia bonde lililochimbwa na kuzungushiwa kingo za udongo, linaitwa Bwogero, ambalo wengi wanalihusisha na kunywesha mifugo. Andrew Reid alifanya kazi pale, na alichokikuta ni hiki: mifupa ya ng'ombe kwa wingi, na palepale mawe ya kusagia nafaka na mashimo ya kuhifadhia. Mfugaji na mkulima wako kwenye jalala moja. Uji wa mtama na maziwa vinatoka nyumba moja. Wale walioandika kwamba jamii moja ilikuja na ng'ombe ikaikuta jamii nyingine na jembe, wangepita Ntusi kwanza.

Je, ilikuwa ngome kweli? Tukubali kwamba neno ngome linaleta picha ya mishale. Lakini handaki la nje lina mapengo mengi ya kupitia, na ni refu mno kulinda kwa askari. Ukiweka mtu mmoja kila hatua kumi utahitaji jeshi. Wengi wanaona handaki la nje lilikuwa zaidi la kukusanya na kuzuia mifugo, wapate malisho na maji ya Katonga bila kutawanyika wala kuibwa, na la ndani ndilo la heshima ya mtawala. Na handaki la mita 4 lina kazi nyingine pia: anayekuja kwa mara ya kwanza anaelewa kabla hajaambiwa kwamba hapa kuna mkubwa. Sisi tunaamini yote mawili yalikuwepo. Ng'ombe ni mali, mali inalindwa, na mwenye mali anapenda ionekane.

Bigo si peke yake. Kaskazini zaidi, karibu na mji wa Kakumiro, kuna mahandaki ya Munsa yanayozunguka kilima cha mawe kiitwacho Bikekete. Peter Robertshaw alichimba huko, akapata makaburi na tanuru la kuyeyushia chuma. Hapo ndipo swali la majembe yalitoka wapi linaanza kupata jibu.

Sasa hali yake leo.

Ngome ya mawe ikivunjwa unaona jiwe limeanguka. Ngome ya udongo inakufa polepole, huoni kitu. Mvua inashusha tuta ndani ya handaki, kila msimu kiasi kidogo. Ng'ombe wakipita njia ileile kila siku kwato zinakata ukingo. Mizizi ya miti inapasua, moto wa kiangazi unaondoa nyasi zinazoshika udongo, na mkulima akisukuma jembe lake hatua mbili kila mwaka, baada ya miaka ishirini handaki limekuwa bustani ya mahindi. Vichaka navyo vina pande mbili: vinaficha mahandaki hata ukipita juu yake hujui, lakini vilevile vinashika udongo usiondoke. Ukivifyeka vyote kwa siku moja ili picha itoke vizuri, mvua ya kwanza itakuonyesha.

Sheria ipo. Uganda ilipitisha sheria ya kumbukumbu za kihistoria mwaka 1967, na idara ya makumbusho ndiyo yenye dhamana. Mwaka 1997 serikali iliiweka Bigo pamoja na Ntusi kwenye orodha ya awali ya UNESCO, yaani orodha ya sehemu ambazo nchi inakusudia kuziombea nafasi ya urithi wa dunia. Tangu hapo miaka imepita, watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto. Makaburi ya Kasubi pale Kampala yaliingia urithi wa dunia mwaka 2001, yakaungua 2010, dunia nzima ikasikia na msaada ukaja. Handaki haliungui. Hakuna kamera itakayokuja kupiga picha handaki linalojaa mchanga.

Walioilinda Bigo muda mrefu kuliko sheria ni watu wa pale. Wapo mpaka leo wanaokwenda kuwaomba Bachwezi, kama wanavyokwenda Mubende kwenye mti wa Nakayima. Mahali panapoogopwa hapalimwi ovyo. Wengi wetu hapa ni wa kanisa au wa msikiti na hatusujudu huko, lakini tuseme ukweli: hofu ile imeokoa udongo mwingi kuliko kibao cha chuma. Mpango wowote wa kuhifadhi ukianza kwa kuwafukuza hao na wafugaji wa jirani utakuwa umemfukuza mlinzi. Ndugu wa mashirika mnajua jambo hili kutoka kwenye visima: kisima kisicho na wenyewe hakimalizi mwaka.

Kwa upande wetu tumeanza na kilicho karibu. Tunaandika kwenye daftari hadithi za Lyangombe, Kiranga na Wamara jinsi wazee wa hapa kambini wanavyozisimulia, kila mmoja kwa lugha yake, na chini yake Kiswahili. Hatuzipatanishi. Mzee akisema Ryangombe aliuawa na nyati, tunaandika nyati. Mwingine akisimulia tofauti, tunaandika na hiyo. Ukiwa na babu au bibi anayezijua, lete jina lake kwenye kikao, kijana mwenye simu nzuri atakuja kurekodi. Fanya haraka, wazee hawasubiri mradi.

Na ukitaka kufika mwenyewe: sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa ruhusa ya kutembea nchini, beba tu kadi yako. Kutoka Lyantonde kuna barabara ya Ntusi, au zungukia Masaka na Sembabule. Ukifika Ntusi usiende peke yako msituni, tafuta mwenyeji akupeleke, umlipe kitu. Nenda kiangazi, vaa viatu vya kufunika, beba maji. Usipande juu ya tuta pale ukingo unapomomonyoka. Ukiona kigae, piga picha, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, halafu kirudishe palepale kilipolala.